Lugha ya mababu ya kubuni: irabu tano, irabu saba au konsonanti lukuki? Nimejaribu zote tatu

Habari zenu wadau, naandika kutoka Mtwara mjini. Kuna watu kama watatu wameniuliza jambo lilelile ndani ya mwezi huu na wote wamekwama palepale: wana hadithi, kwenye hadithi kuna makabila ya kubuni ambayo zamani yalikuwa kitu kimoja, sasa wanataka ile lugha ya babu wa wote, lugha ambayo haina msemaji tena, na hawajui waanze na sauti ngapi wala zipi. Mi mwenyewe nimepita hapo. Hadithi yangu ina makundi matatu, watu wa pwani, watu wa mlimani na watu wa mtoni (nilikuwa nawaza Ruvuma na uwanda wa Makonde, sifichi), na kabla sijatulia nilitengeneza mifumo mitatu ya sauti tofauti kabisa na kila mmoja nikakaa nao miezi. Acha niiweke sambamba hapa, uone kila mmoja unakupa nini na unakudai nini, halafu uchague kulingana na kazi uliyo nayo.

Ila kwanza kuna kitu inabidi kieleweke maana bila hicho utachagua vibaya. Lugha ya babu haichaguliwi kwa kuangalia inavyopendeza ukiisema, maana kwenye hadithi yako hakuna atakayeisema, labda mstari mmoja wa tambiko. Inachaguliwa kwa kuangalia wajukuu watafanana vipi na watatofautiana vipi. Swali la kujiuliza ni hili: hii sauti ikifa, itaacha nini?

Angalia neno moja tu la huku kwetu. Kwa Kiswahili tunasema mtu. Myao anasema mundu. Bibi yangu wa Newala, Mmakonde, anasema munu. Jirani yangu Mmakua wa Masasi anasema mutthu, na hiyo tth ina mpumuo, ukiweka kiganja mbele ya mdomo wake unausikia upepo. Wataalamu wa Mame-Bantu (lugha ya kale inayokadiriwa kuwa babu wa lugha zote za Kibantu) wanakwambia yote manne yametoka kwenye kitu kimoja, muntu, na mchezo wote uko kwenye ile nt ya katikati: Kiswahili kimeimeza n kikabaki na t, Kiyao kimebaki na n ila t imekuwa d, Kimakonde kimeidondosha t kikashika n, Kimakua kimeidondosha n na mahali pake pakabaki pumzi. Babu kaacha shamba moja, watoto wanne kila mmoja kakata kipande chake. Mi nilipoliona hilo nikiwa nimekaa na daftari barazani nilisimama kabisa, maana haya ni maneno nayasikia kila siku stendi na sokoni na sikuwahi kuyaweka kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo ukiwa na nt kwenye lugha yako ya babu una watoto wanne mkononi tayari, ukiwa na t kavu peke yake inabidi ukatafute pa kuwatoa.

Sasa twende kwenye mifumo yenyewe.

Mfumo wa kwanza, mwembamba

Huu ndo karibu kila mtu anaanza nao na mi nilianza nao. Irabu tano zetu za kawaida, a e i o u, na konsonanti tisa: p, t, k, s, m, n, l, w, y. Kila silabi ni konsonanti na irabu basi, hakuna mkusanyiko, hakuna neno linaloishia na konsonanti. Hesabu yake ni rahisi, 9 mara 5 unapata silabi 45, na maneno ya silabi mbili 2,025. Kwa macho yanaonekana mengi.

Uzuri wake uko wazi. Msomaji yeyote wa Kiswahili anausoma bila kuuliza, hauhitaji alama ngeni kwenye simu, na majina yanatoka yana sura moja. Hilo la sura moja watu wanalidharau lakini ni kubwa sana. Chukua ramani ya mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, usome: Nachingwea, Nanyumbu, Nanyamba, Naliendele, Nanguruwe, Nangurukuru. Hata mtu ambaye hajawahi kuvuka Rufiji kuja kusini akisoma hayo sita anajua yametoka sehemu moja. Mfumo mdogo unakupa hali hiyo bila jasho, na kama kazi yako ni majina ya vijiji na ya mashujaa tu kwenye hadithi fupi, chukua huu na usihangaike na mingine, nasema kweli kabisa.

Na usidhani hauna mfano duniani. Lugha za visiwa vya Polinesia ndivyo zilivyo. Mame yao amerejeshwa akiwa na konsonanti 13 na irabu tano, silabi za wazi, na bado watoto wake wametengana vizuri. Watonga wanasema tapu, Wahawaii wanasema kapu, neno moja hilo, mwiko. Wamaori wanasema waka, chombo cha baharini, Wahawaii wanasema waʻa, hapo katikati kuna kikwazo kidogo kooni. Umeona kilichotokea? T ya Hawaii imehamia kwenye kiti cha k, na k yenyewe imesogea ikaenda kukaa kooni. Sauti zimesukumana kama abiria kwenye kiti cha nyuma cha daladala, mmoja akiingia wa mwisho lazima asogee.

Kwa hiyo njia ipo, ila ni nyembamba, na mi iliniangusha hivi. Nilikuwa na *tuke, mtumbwi, na *tuye, jiwe (hiyo nyota mbele ni alama ya neno la babu, lililokadiriwa, halijasikiwa na mtu). Pwani nikawapa sheria kwamba k mbele ya e na i inakuwa ch, wakapata tuche. Mlimani k katikati ya irabu ikawa g, wakapata tuge. Mtoni nikataka lugha laini inayotiririka, k na y katikati ya irabu zinapotea, wakapata tue. Vizuri. Lakini jiwe nalo huko mtoni, *tuye, y imekufa, limekuwa tue. Mtumbwi na jiwe neno moja! Ukiwa na jozi moja ya hivyo ni utamu, lugha za kweli zinazo, ila mi nilizikuta karibu kila ukurasa wa daftari, maana sauti ni chache na ukizila mbili tatu hakuna kinachobaki kutofautisha. Nikijaribu kupunguza sheria ili maneno yasigongane, zile lugha tatu zinafanana mno, mtu anasoma anaona lahaja za kijiji kimoja. Hapo ndo ukuta wa mfumo huu ulipo.

Mfumo wa pili, irabu saba

Huu niliuchukua kwenye umbo la Mame-Bantu wenyewe halafu nikaweka maneno yangu. Na nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kwa sababu ndo wenye mambo.

Konsonanti p, t, k, b, d, g, m, n, ny, na zile zenye nazali mbele mp, nt, nk, mb, nd, ng. Jumla 15. Kikwamizo hata kimoja hamna, yaani hakuna s, hakuna f, wala z, v, sh. Irabu saba: zile tano, halafu i na u zina pacha. Kuna i ya kubana sana, ulimi umekaribia kaakaa kabisa, na kuna i ya kulegea kidogo, u nazo vilevile mbili. Kwenye kuandika niliiga Wakikuyu maana wao wanazo saba mpaka leo na wana tahajia nzuri: za kubana wanaandika i na u, za kulegea wanaandika ĩ na ũ.

Kwa nini ujitese na irabu ambazo Kiswahili hakina? Ngoja nikuoneshe kwa maneno yetu wenyewe. Mama mdogo wangu anafuma vitambaa vya makochi, siku moja kakaa anafuma akamtuma mtoto dukani, na mi niko pembeni na daftari langu nimeandika tuma na fuma kwenye mstari mmoja kwa sababu nyingine kabisa. Fuma, tuma. Kwa Kikuyu tũma ni kutuma, na tuma ni kushona. Konsonanti ileile t, tofauti ni u tu, moja imelegea na moja imebana. Zamani hata kwetu ilikuwa hivyo. Kilichotokea ni kwamba ile u ya kubana ilikuwa inabana mpaka hewa ikitoka kwenye t inapiga mluzi, ule mluzi ukakua ukawa f, kisha irabu zenyewe zikaja kuungana zikawa u moja. Tofauti iliyokuwa kwenye irabu ikahamia kwenye konsonanti. Irabu imekufa lakini imeacha alama mlangoni.

Ukishaliona hilo unaanza kuliona kila mahali. Lima na zima, ya kwanza ilikuwa na i ya kulegea, ya pili i ya kubana. Pika lakini mpishi, penda lakini mpenzi, linda lakini mlinzi, fuata lakini mfuasi: ile i ya mwisho ya mtendaji ilikuwa ya kubana, ikaila konsonanti iliyo mbele yake. Na kwa nini kitu hakikuwa situ au shitu? Kwa sababu ki- yake ilikuwa na i ya kulegea, Wakikuyu wanasema kĩndũ. Mjerumani Carl Meinhof mwaka 1899 alishachapisha mpangilio wa sauti za Kibantu cha kale, na irabu hizi za kubana ndo zilizofanya mambo mengi yaliyokuwa yanaonekana fujo yakae kwenye mstari.

Na usiende mbali mpaka Kenya. Mkoa wa Lindi huuhuu, Kilwa, kwenye vilima vya Matumbi, Kimatumbi kina irabu saba mpaka leo. Mi sikuwa nazisikia. Nina shemeji wa Kipatimu, tulikaa naye jioni kama nne hivi, ananitamkia mi narudia, anakataa, narudia, mpaka siku moja sikio likafunguka na tangu hapo sijazipoteza. Kama unataka kutumia mfumo huu na unaishi huku kusini, tafuta mtu wa namna hiyo, usijifunze kwenye maandishi peke yake.

Sasa maneno yangu. Nikaweka *tuge mtumbwi na *tũge jiwe, *dine kivuli na *dĩne kisima. Kila lugha nikaipa sheria moja tu ya maana, angalia kinachotoka:

Pwani wanafuata njia ya Kiswahili, vipasuo (p, t, k, b, d, g) vinageuka vikwamizo mbele ya irabu ya kubana, baadaye irabu zinaungana. Mtumbwi fuge, jiwe tuge, kivuli zine, kisima dine.

Mlimani hawana vikwamizo hivyo kabisa, wao irabu za kulegea zimeshuka, ũ imekuwa o na ĩ imekuwa e. Mtumbwi tuge, jiwe toge, kivuli dine, kisima dene.

Mtoni wameunganisha irabu bila kuacha alama yoyote. Mtumbwi tuge, jiwe tuge. Kwa hiyo wamelazimika kuongeza neno, wanasema tuge la maji na tuge la nchi, na hiyo ndo ikawa tabia ya lugha yao, wanapenda maneno mawilimawili.

Soma tena hapo uone kitu: mtu wa pwani akisema tuge anamaanisha jiwe, wa mlimani akisema tuge anamaanisha mtumbwi. Nimepata sura nzima ya hadithi kwenye kutoelewana huko, mjumbe ametumwa kuomba mitumbwi karudi na habari za mawe, na sikuibuni, imejileta yenyewe kutoka kwenye sheria. Hii ndo sababu naupenda mfumo huu. Sheria moja kwa kila lugha na tayari zinasikika tatu tofauti, na bado undugu unaonekana.

Hesabu: konsonanti 15 mara irabu 7 ni silabi 105, maneno ya silabi mbili 11,025. Ukila sauti kadhaa bado una nafasi.

Kuna mtego mmoja ulinigharimu wiki mbili nzima na naomba usikuingie. Mpangilio wa sheria. Mi mwanzoni kwa lugha ya pwani nilitanguliza kuunganisha irabu, yaani ũ zote zikawa u, halafu ndo nikapitisha ile ya t kuwa f mbele ya u. Unajua kilichotokea? Mtumbwi fuge, jiwe nalo fuge. Kila t iliyokuwa mbele ya u ya aina yoyote ikawa f. Kwenye daftari maneno yote yalikuwa yamekaa sawa kwa macho, sikugundua mpaka nilipoanza kutunga sentensi na kuona nakosa t mbele ya u lugha nzima. Kwa hiyo andika sheria zako kwa namba, na kila neno lipite namba moja, mbili, tatu kwa mstari, usirukie matokeo kichwani hata kama unajiamini.

Udhaifu wake mwingine: ĩ na ũ zinamsumbua msomaji. Ukiziweka kwenye majina ya wahusika watu watazisoma anavyojua kila mmoja. Dawa niliyoipata ni kwamba lugha ya babu haionekani kwenye hadithi zaidi ya mara mbili tatu, zinazoonekana ni lugha watoto, na zote tatu zinaandikika kwa herufi za kawaida.

Mfumo wa tatu, mzito

Huu ni wa wenye roho ngumu na muda. Irabu chache, mi niliweka tatu tu, a i u, lakini konsonanti zinakaribia 30: p kavu na ph ya mpumuo, t na th, k na kh, nyingine ya ndani kooni niliyoiandika q, konsonanti zinaweza kufuatana na neno linaweza kuishia na konsonanti.

Mantiki yake ni kwamba babu ana kila kitu na watoto kila mmoja anatupa vyake. Mfano mkubwa ni babu wa lugha za Ulaya na India. Pale kuna kisa ambacho mi nikikikumbuka nasisimkwa. Mwaka 1878 kijana wa Geneva, Ferdinand de Saussure, ana miaka 21, alitazama irabu za lugha hizo jinsi zinavyobadilikabadilika akasema hapa lazima zamani palikuwa na sauti ambazo leo hazipo kwenye lugha yoyote, zimekufa zote ila zimepaka rangi irabu za jirani. Hakuna ushahidi, ni hesabu tu. Akafariki 1913. Miaka miwili baadaye, 1915, Bedřich Hrozný akafanikiwa kusoma Kihiti, lugha ya kale ya Uturuki iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo, na mwaka 1927 Mpolandi Jerzy Kuryłowicz akaonesha kwamba Kihiti kina sauti ya h palepale ambapo Saussure alikuwa amesema kuna kitu. Fikiria hilo. Nyayo zilisomwa kabla mnyama hajaonekana.

Ukitaka hadithi yako iwe na kisa cha namna hiyo, yaani msomi anayekisia sauti ya mababu halafu jiwe la maandishi linafukuliwa na kumthibitisha, basi huu mfumo ndo pekee utakaokubeba. Mfano wangu: *phamq mtumbwi, *pham jiwe. Pwani ph inakuwa f, q inaipaka a rangi ya o kisha inakufa, na neno linaongezewa irabu mwishoni: fomo, na jiwe fama. Mlimani mpumuo umepotea, q imekuwa k: pamka, na jiwe pama. Mtoni q imekufa ikaacha irabu ndefu, m imeingia puani: pãã, na jiwe pã. Fomo, pamka, pãã. Ndugu hao watatu hakuna atakayewatambua kwa kuwatazama tu, mpaka upewe sheria.

Huku kusini anayeonesha nusu ya tabia hii ni Kimakua. Wana p na ph, t na th, k na kh, zote zinatofautisha maneno, ila b, d, g hawana kabisa. Na wana jambo lingine zuri sana: mipumuo miwili haikai kwenye shina moja, zikikutana ya kwanza inapoteza pumzi yake. Inaitwa Sheria ya Katupha, kwa jina la Mateus Katupha wa Msumbiji. Sasa Mjerumani Hermann Grassmann alishaandika jambo kama hilo mwaka 1863 kuhusu Kigiriki na Kisanskriti! Lugha hazijawahi kukutana na zimechukia kitu kilekile. Nikaiweka hiyo sheria kwenye lugha ya babu na ilikaa kama imezaliwa humo.

Gharama sasa. Sheria zangu zilipita 20, kila neno linapitishwa kwenye zote, na ukikosea ya tano kila kitu kuanzia ya sita kimeharibika. Maneno 60 yalinichukua muda ambao kwenye mfumo wa pili ningetengeneza 400. Na msomaji wa Kiswahili haoni hata robo ya kazi hiyo isipokuwa hadithi yenyewe inahusu lugha. Mi yangu inahusu mto na mitumbwi, nikauweka kando.

Mambo ya haraka yanayohusu mifumo yote

Toni. Kimakonde, Kiyao, Kimatumbi zote zina toni, Kiswahili kimeipoteza kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka toni kwa babu, mbili tu zinatosha, juu na chini, na hakikisha angalau mtoto mmoja anaitunza, la sivyo umebeba mzigo wa bure. Au fanya kinyume, babu hana toni na mtoto mmoja anaizaa: konsonanti ya mwisho wa neno inapokufa inaweza kuacha sauti imepanda au imeshuka, na André-Georges Haudricourt alieleza mwaka 1954 kwamba toni za Kivietnamu zilizaliwa hivyo. Kwenye mfumo mzito hii inakaa vizuri, kwenye mwembamba haiwezekani kirahisi maana hakuna konsonanti ya mwisho ya kufa.

Sauti za wageni usimpe babu. Th ya thamani, dh ya dhahabu, gh ya ghali, kwetu zimekuja na Kiarabu, na ndo maana bara wengi wanasema samani na zahabu. Nimeona watu wanaziweka kwenye lugha ya kale kwa sababu tu zipo kwenye Kiswahili, halafu wanashangaa mbona lugha yao inasikika kama ya bandarini. Waachie watoto, tena yule wa pwani peke yake, zifike kwa jahazi.

Vidoko, zile sauti za kugongesha ulimi za Kihadza na Kisandawe, usiviweke kwa ajili ya kusikika vya kale. Viweke kama una mpango navyo.

Na pengo moja ni zuri. Ukiwa na p t k b d g zote sita na kila kitu kimekamilika kama meno ya mtoto, inaonekana imechongwa. Lugha za kweli zikikosa moja hapo mara nyingi inakosekana p au g, Kiarabu sanifu hakina zote mbili. Mi nimemnyima babu wangu ny mwanzoni mwa neno, basi, na hilo pengo dogo linatosha kumfanya awe mtu.

Uchague upi sasa

Majina tu, hadithi fupi, au mchezo wa simu wenye vijiji ishirini: mwembamba, usiongeze kitu. Riwaya au tamthilia ya redio ambapo makabila yanaongea na lazima wasikilizaji wasikie kwamba ni ndugu ila wamepotezana: irabu saba, na kwa redio hasa naukazania kwa sababu fuge, tuge na toge sikio linazishika mara moja. Kisa chenyewe kikiwa ni lugha, fumbo, maandishi ya kale: mzito, na ujipe mwaka. Kama unayumba kati ya wa kwanza na wa pili, anza na wa pili, maana kuunganisha irabu saba ziwe tano ni mstari mmoja wa sheria, lakini tano kuzipasua ziwe saba utatafuta sababu ya kila neno moja moja.

Mi nimebaki na irabu saba. Juzi nilipanda Newala nikamsomea bibi maneno ya watu wa mlimani, nikamwomba arudie baada yangu. Nikasema toge, akasema tooge. Nikasema dene, akasema deene. Nikarudia fupi, akarudia ndefu, anaivuta ile silabi ya pili kutoka mwisho kama Wamakonde wote wanavyoivuta, muunu, akaniambia "mjukuu wangu, we unayakata maneno, mwache apumue huyo mtu wako". Nimeongeza sheria moja zaidi kwa watu wa mlimani: silabi ya pili kutoka mwisho ni ndefu daima. Sasa mtumbwi wao ni tuuge, jiwe tooge, na mjumbe wa pwani akifika kule ataweza kusikia kabla hajaelewa chochote kwamba hapo ni kwa watu wengine.